Rukaya wa Kiti cha Dirishani

Kwa miaka mingi niliamini hakuna mwanamke wa Embu aliyesafiri kumshinda Rukaya wa mtaa wa Majimbo. Nikishuka mjini kutoka kwetu Manyatta na kikapu changu, nampata stejini ameketi ndani ya gari la Meru. Juma linalofuata nampata kwenye gari la Nairobi. Mara Kutus, mara Kerugoya, mara Siakago. Daima kiti cha dirishani, buibui safi, mkoba wa kahawia mapajani, na uso wa mtu anayengojewa mahali. Nampungia mkono, naye ananipungia kama mke wa balozi. Halafu naenda zangu sokoni nikijiambia, wengine tulizaliwa kulima maharagwe, wengine walizaliwa kuona dunia.

Kumbe hakuwa akienda popote.

Wacha nieleze ninavyomjua, kwa sababu tumejuana tangu tukiwa wasichana. Babu yake alikuja Embu akiwa mpishi wa wazungu wa boma, akaoa kwa Wambeere. Mamake alikuwa na damu ya Kiborana. Ukimuuliza kabila lake anakwambia, "Mimi ni wa mjini," na Kiembu anachokuambia nacho ni kizuri kuliko cha watoto wangu. Baba yake alikuwa mchinjaji, na Rukaya mwenyewe akaolewa na mchinjaji, marehemu Shukri. Marehemu mume wangu alimuuzia Shukri ng'ombe wetu wote, kwa maana Shukri alikuwa anamtazama ng'ombe mara moja tu na kusema bei ambayo huwezi kuikataa wala kuifurahia. Duka la nyama sasa ni la mwana wao, Kasim.

Shukri alipofariki, Kasim na mkewe walimwambia Rukaya apumzike. Kupumzika ni kazi mbaya kwa mtu ambaye hajachoka. Alikuwa akitoka asubuhi kununua uzi wa kushonea, anapita stejini, anarudi. Siku moja jua lilikuwa kali na miguu inamuuma. Mpiga debe mmoja anayeitwa Mutembei, kijana wa Chuka mwenye shavu lililojaa muguka, yale majani ya kutafuna, tangu asubuhi, akamwambia, "Mama, ingia ndani ya gari upumzike, hakuna mtu." Rukaya akaingia, akaketi dirishani. Kabla hajamaliza kujipangusa jasho, gari likajaa. Akashuka, akamwachia mtu wa mwisho kiti. Mutembei akamtazama kama mtu aliyeokota kitu barabarani.

Kesho yake akamfuata mpaka Majimbo kumwomba arudi.

Kwa mtu wa nje, hebu nieleze. Gari huku haliondoki kwa saa, linaondoka likijaa. Na abiria hapendi kuingia gari tupu, anajua ataketi humo mpaka aote mizizi. Basi wapiga debe huweka watu wao ndani, watu wa kujaza, ili gari lionekane limebakiza nafasi mbili tatu. Wewe unaona, unakimbia, unaingia ukihema. Kila abiria wa kweli akiingia, mmoja wa wale wa kujaza anashuka pole pole kama aliyesahau kitu, anaenda kuketi kwenye gari lingine. Ndiyo maana unaambiwa "bado mmoja, bado mmoja" na huyo mmoja haishi kutafutwa.

Mimi ni mzee, nakumbuka vingine. Nikiwa msichana, basi la asubuhi la kwenda Meru lilikuwa na dereva mmoja mwenye saa ya mfukoni. Wakati ukifika anapiga honi mara moja, gari limetoka. Chifu wetu aliachwa siku moja katikati ya barabara, kofia mkononi, na hakuna aliyemhurumia. Watu walimtukana dereva yule, lakini walijifunza kuamka. Na lilikuwa likiondoka hata likiwa na watu kumi, kwa sababu njiani pia kuna watu, na wao walijua litapita. Siku hizi mtu wa Runyenjes akisimama barabarani hapati gari, maana yote yametoka Embu yamefurika. Magari ni mengi kuliko zamani, na bado tunangoja kuliko zamani. Mimi niliishia darasa la saba na hesabu hiyo inanishinda.

Rukaya hakuona ubaya. Walimpa chai na mandazi, akapata watu wa kuongea nao, na vijana wa steji walimheshimu. Mutembei alimpa ule mkoba wa kahawia na ndani akakunjia blanketi kuukuu, ionekane mama amefunga safari. "Mtu akiona mama kama wewe ndani," alimwambia, "anajua hili gari halina wezi na dereva hana wazimu." Nami mwenyewe, siwezi kuhesabu mara ambazo niliingia gari kwa sababu nilimwona Rukaya ndani yake. Sikuwahi kujiuliza mbona safari ikianza simwoni tena. Nilidhani ameshukia njiani.

Sasa nifike siku ile. Ilikuwa Aprili, mvua imeanza, barabara ya kwetu ni matope matupu. Nilikuwa naenda Nkubu kwa binti yangu Wanjira, kikapu kimejaa nduma za shamba langu. Stejini kulikuwa na magari mawili ya Meru, la sako hii ya wenye magari na la sako ile, yametazamana kama majogoo. Moja lilikuwa la Njuki, dereva mnene anayependa kofia. La pili Mutembei ndiye aliyekuwa akilipigia debe. Nikamwona Rukaya dirishani kwa Mutembei. Nikaingia huko.

Nilimpungia, hakunipungia. Alikuwa ameushika mkoba kwa mikono miwili.

"Mama Kasim, kwema?" nikamuuliza, nikaketi kando yake.

"Mwanamisi ameondoka, Mama Wanjira. Alfajiri."

Mwanamisi ni mdogo wake, aliyemfuata ziwa moja. Aliolewa Meru mjini. Niliwajua wote wawili wakiwa na nywele za kusukwa na magoti yenye vidonda. Nikamshika mkono.

Akaniambia mambo yalivyo. Kwa Waislamu maiti hailali, hilo nalijua, nimeishi nao. Mazishi yangekuwa alasiri. Lakini si mazishi aliyokuwa akiyakimbilia, maana wanawake wao hawaendi makaburini. Alikuwa akiwahi josho la maiti. Mama yao alipokufa, Rukaya na Mwanamisi walimwosha kwa mikono yao, na walipomaliza, wakiwa bado wanakausha mikono, wakaahidiana kwamba atakayebaki atamwosha mwenzake. "Sitaki mtu mgeni aniguse," Mwanamisi alisema siku hiyo. Sasa Aaliyah, binti wa marehemu, alikuwa amempigia simu: Mama Mkubwa, tutakungoja mpaka adhuhuri, zaidi ya hapo wazee hawatakubali.

Kasim alikuwa soko la mifugo Ishiara, simu yake haishiki. Jirani mwenye teksi alikuwa ameshachukuliwa na watu wa harusi. Imebaki steji.

"Basi tumekaribia kwenda," nikamtuliza. "Gari si limejaa? Naona imebaki kama nafasi mbili."

Rukaya alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa.

Hapo Mutembei akafungua mlango, nyuma yake mwanamume mwenye godoro. "Mama Kasim, nipishe hapo kidogo, nimepata mteja."

"Leo mimi ni abiria, Mutembei."

Mutembei akacheka mpaka muguka ukaonekana. "Wueh! Hiyo ni tamu. Sema tena kwa nguvu wale wa nje wasikie."

"Nimesema naenda Meru."

"Sisi sote tunaenda Meru, mathe! Hata mimi naenda Meru mwaka wa nne huu, sijafika." Akamgeukia mwenye godoro. "Mzee, subiri sekunde moja, huyu mama anatoka."

"Sitoki."

"Basi atatoka mwingine, usikasirike. Lakini leo umeamka na mzaha!" Akamshusha mwingine, mwenye godoro akaketi, naye akaenda zake akipiga bati la gari na kuita Chuka, Nkubu, Meru.

Nikamuuliza Rukaya, "Anasema nini huyu? Utoke uende wapi?"

Ndipo aliponieleza, kwa sauti ya chini. Nilisikiliza mpaka mwisho. Halafu nikauliza, "Na zile safari za Kerugoya?"

"Hakuna."

"Nairobi?"

"Nairobi nilifika mara moja. Kasim alikuwa tumboni."

Ningecheka, lakini haikuwa siku ya kucheka. "Sasa ndani ya gari hili," nikamwambia, "wa kwenda ni nani?"

Akageuka kidogo, akawatazama kama anavyotazama nyama kwenye mizani. Msichana wa vipokea sauti masikioni, Maxine, ni wa kujaza. Mzee mwenye gunia miguuni, ni wa kujaza, na gunia ni majani ya mgomba. Yule mwanamume na mkewe waliokuwa wakigombana tangu nilipoingia, ni wa kujaza wote wawili, na wala hawajaoana. "Wanagombana vizuri kwa sababu wamezoea," alisema. Wa kweli tulikuwa mimi, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, mwenye godoro, na wengine wachache. Nusu gari. Na kwa Njuki hivyo hivyo.

Simu yake ikalia. Aaliyah. Sikusikia maneno ya msichana, nilisikia ya Rukaya tu. "Niko garini, mama. Ndiyo. Hapana, halijaondoka." Akasikiliza. "Sijui, Aaliyah."

Nimemjua mwanamke huyu maisha yote, na sikuwahi kumsikia akisema hajui.

Mutembei akarudi mlangoni na abiria mwingine. Safari hii Rukaya aliuweka mkoba juu ya magoti, akafungua zipu, akamwonyesha. Mutembei ndiye aliyejua mkoba ule una nini siku zote. Aliinama akitegemea blanketi lake kuukuu. Ndani kulikuwa na kitambaa cheupe kilichokunjwa, majani makavu ya mkunazi kwenye karatasi, na kichupa cha kafuri. Harufu ilijaa gari.

Mutembei aliacha kutafuna. "Ni nani?"

"Mwanamisi."

"Yule alikuletea maembe hapa stejini?"

"Huyo."

Kijana alivua kofia. "Pole, Mama. Pole sana. Nilidhani..." Akajifuta uso kwa kofia ile ile. "Lakini Mama, hali unaijua. Gari ni nusu. Nikiliachilia hivi, mwenyewe ananifuta kazi leo leo. Nifanye nini?"

Sikumlaumu. Hata mwenye gari ana deni la benki, na benki ina mwenyewe. Kila mtu stejini anamngojea mwingine aanze.

Rukaya akafunga zipu. Akasimama, kichwa kikagusa dari, akasema kwa ile sauti ya duka la nyama, ambayo wateja wa nje ya mlango walikuwa wakiisikia: "Watu wa kujaza, shukeni."

Maxine akatoa vipokea sauti. "Mama Kasim? Uko serious?"

"Shuka, mwanangu. Leo mimi nasafiri, na nyinyi mmenikalia."

Maxine akashuka. Mzee akaburura gunia lake la majani. Wale wasiooana wakashuka, mwanamke akimwambia mwanamume, "Tangulia, si umezoea kutangulia." Tuliobaki tukatazamana, viti vitupu kati yetu kama meno yaliyong'oka. Yule mama mwenye mtoto akapiga makofi mara moja kwa hasira. "Kumbe nimenyonyesha mtoto mara mbili hapa nikikaa na masanamu!" Mwenye godoro alianza kumtukana Mutembei, na ukoo wake, na sako yake.

Rukaya hakungoja hayo. Alivuka mpaka gari la Njuki, akagonga kioo, na kuwaita wa kujaza wa huko kwa majina, mmoja mmoja, kama mwalimu wa darasa. Nao wakatoka wakitazama chini.

"Mathe, unaniharibia kazi!" Njuki alipiga kelele.

"Kazi gani, Njuki? Wewe una nusu gari. Mutembei ana nusu gari. Wanaume wazima wawili mnashindana kuketi."

"Sasa hawa wa nusu yake waingie kwangu ama wangu waende kwake? Hayo ndiyo hutuletea vita hapa."

"Nani alifika kwanza asubuhi?"

Njuki alimtazama Mutembei. Watu wote walimtazama Mutembei. Angeweza kusema ni yeye, na wapiga debe wa sako yake wangemuunga mkono, na tungekuwa huko hadi leo. Alitema muguka kando.

"Njuki," alisema. "Njuki alifika kwanza."

Halafu akalibeba lile godoro kichwani mwake, akalipeleka kwenye gari la mpinzani wake mwenyewe. Akarudi kuchukua kikapu changu cha nduma. "Shosho, hii umejaza mawe?" Nikamwambia ndiyo, ya kumpiga nayo. Akacheka kidogo.

Tulipoketi wote pamoja gari lilikuwa limejaa, isipokuwa kiti kimoja nyuma. Njuki alikitazama kiti kile kwa uchungu. Halafu akamwambia Mutembei, "La pili kutoka ni lako. Sitaweka wa kujaza hapa," akawasha gari. Kiti kile alikipata mwalimu aliyekuwa akingoja barabarani Runyenjes. Alishukuru sana, akasema tangu achukue kazi huko hajawahi kuona gari la asubuhi lenye nafasi.

Tulivuka Thuchi, tukapita Chuka, na kwenye mteremko wa Nithi Rukaya akaanza kusoma dua midomo ikitembea. Nkubu ilipofika sikushuka. Nilimpa makanga nduma za Wanjira azishushe pale dukani wanaponijua, nikaendelea naye. Mtu hafiki msibani peke yake kama ana mwenzake.

Adhuhuri ilikuwa imeshaadhiniwa tulipoingia ule ua. Wanaume walikuwa wamesimama nje, jeneza liko tayari ukutani. Aaliyah alitoka mbio, macho yamevimba.

"Mama Mkubwa, tumeanza. Nilijaribu kuwazuia. Wamesema..."

"Mmefika wapi?"

"Yamebaki maji ya mwisho. Ya kafuri."

Rukaya alinipa viatu vyake. Alitoa kile kichupa mkobani, akakunja mikono ya buibui, akaingia nyuma ya pazia.

Mimi nilikaa mkekani na wanawake wa nyumba. Mmoja alinipa maji ya kunywa bila kuniuliza mimi ni nani wa nani. Nyuma ya pazia nilisikia maji yakimiminwa pole pole, yanakoma, yanamiminwa tena. Sikusikia kilio. Nilimsikia akimwambia mdogo wake maneno kwa Kiembu, yale ya utotoni, nayo sitayaandika hapa. Alipotoka, mikono ilikuwa imelowa mpaka viwiko.

"Nilimpata," akaniambia.

Basi. Tulikaa mpaka wanaume waliporudi kutoka makaburini.

Aliporudi Embu baada ya siku za msiba, Rukaya hakukalia kiti cha gari tena. Lakini nyumbani pia hakukaa. Alichukua kiti cha mbao dukani kwa Kasim, akakiweka chini ya mabati ya kibanda cha chai hapo stejini. Watu wakaanza kumuuliza, "Mama Kasim, hili linaondoka?" Anawatazama waliomo, anasema ukweli. "Hilo, nenda kanywe chai kwanza." "Hilo, kimbia." Wapiga debe walinung'unika. Wengine walitaka aondolewe. Lakini yule mwenye magari ya sako ya Mutembei aligundua kwamba abiria waliokuwa wakienda kutafuta teksi wameanza kurudi, akawaambia wamwache mama wa watu.

Sako zile mbili sasa zinapanga foleni asubuhi. Gari moja linapakia, la nyuma linangoja, na hakuna wa kujaza. Saa za jioni wanarudia tabia zao, hasa ikinyesha, na siku za sikukuu usiniulize. Sijasema dunia imepona. Bado hakuna mahali pa mzee kujikinga mvua isipokuwa kwenye kile kibanda, na choo cha pale sikitaji. Lakini nikitaka kwenda Nkubu asubuhi, ninajua nitakwenda. Hilo peke yake ni kitu. Tulikuwa nalo zamani, tukalipoteza, na hakuna aliyetuambia tulipoteza lini.

Mwezi uliopita nilimkuta Rukaya amesimama kando ya gari la Meru, mkoba wa kahawia mkononi. Mutembei alikuwa mlangoni, shavu lake limejaa kama kawaida. Alimwona, akaacha kupiga kelele. Akaweka mkono juu ya mlango, akainama kidogo.

"Leo ni safari, Mama? Ama unapumzika?"

Rukaya akafungua zipu, akamwonyesha. Ilikuwa nyama ya mbuzi, imefungwa vizuri na Kasim, ya kumpelekea Aaliyah.

"Ni safari," akasema.

Mutembei akageuka ndani ya gari. "Wewe wa dirishani, songa. Mama anaketi hapo."

Tangu hapo nimemsikia Mutembei akiuliza kila mtu swali lile, hata vijana, hata wenye mizigo ya wazi wazi. Unasafiri kweli? Wengine wanadhani ni dharau. Mimi namjibu vizuri kila mara, ninasafiri, na ninapanda.